Mama Aliyechora Wafu Wenye Hawakuacha Foto

Jama, musogee karibu, nyinyi wote wenye munanisomaga hapa kila juma. Mama muchoraji wa mutaa wetu wa Cibitoke ametuacha. Amekufa asubui, amelala, kama mutu mwenye ndoto ilikuwa tamu akakataa kuamuka. Karne ile ingine, wakati mwanamuke mwenye burashi alikuwa anaangaliwa kama ng'ombe mwenye kupanda kinga, baskeli, yeye alikuwa anachora ku kuta za kabare zetu, mule tunakunywaga pombe. Siku moja alichora mukeke, ule samaki wa ziwa letu. Paka za Cibitoke, za Carama, mpaka za Mutanga, zikalala chini ya ule ukuta wiki mbili. Kama nadanganya, zile paka zije zinishitaki.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuchora wafu wenye hawakuacha foto. Anafika kwenu, anakaa ku kiti cha marehemu, anakula mu sahani yake, anafunga macho: "Munielezee." Munaelezea, burashi inatembea polepole, na ile bluu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, inaingia taratibu mpaka mu shavu la mutu wenu. Siku hizi tuko na foto elfu mu telefone, na mutu akikufa, anaenda na kode ya kuifungua. Hakuna mwenye anatuuliza tena marehemu alikuwa anacheka namna gani.

Jirani yangu, mujane wa seremala, alimuita pia. Kesho yake walikuwa wanaganduka, wanamaliza kilio cha miaka mitatu, na binti yake mudogo, mwenye alizaliwa baba amekwisha kufa, hakuwahi kuona sura ya baba. Mujane akaelezea tangu asubui. Jioni wakafunua picha. Binti akasimama mbele yake, hapepesi macho. Mama ya marehemu akasogea, akaangalia, akasema:

"Huyu simujui. Mwanangu alikuwa na makengeza, na alikuwa ananuna. Huyu anacheka. Kesho mi siji ku kilio ya mugeni."

"Mama, mi nachora kile naambiwa," muchoraji akajibu, akachovya burashi. "Nimununishe?"

Mujane akamushika mukono.

"Apana, dada. Mama, munisamehe. Ule wa kununa niliishi naye miaka kumi na ine. Huyu mumuachie mutoto."

Bibi akaangalia mujukuu, akaangalia tena ile picha, muda murefu, mpaka rangi ikaanza kukauka.

"Basi acha," akasema. "Hata mi, huyu ndiye nilikuwa nataka kuzaa."