Sponji ya Corolla ya Iribagiza

Iribagiza alikuwa ameshona makochi mtaa wa Mbugangari, mpakani na Goma, kwa miaka mingi kabla ya kumiliki gari. Alipolipata, Corolla kuukuu ya rangi ya maziwa, alicheka peke yake njiani hata watu wakageuka kumtazama. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, mzaliwa wa Karagwe, na leseni aliipata baada ya kushindwa mitihani mpaka polisi wakamzoea.

Gari lilikuwa na kasoro. Kila lilipopita kwenye dimbwi, lilipiga yowe chini ya boneti kama nguruwe anayekamatwa. Jumamosi moja lililia mbele ya kanisa, maharusi wakitoka, padri mwenyewe akashindwa kujizuia kucheka.

Connie, jirani yake muuza vitenge, akamwambia aende kwa Kadiri, fundi wa magari wa barabara ya Petite Barrière, ile iendayo mpakani. Kadiri naye alikuwa mgane, mrefu na mpole, aliyezoea kuimba taratibu akiwa chini ya magari. Alilala chini ya Corolla, akatoka na ukanda wa sponji uliomomonyoka vidoleni kama mkate mkavu. Akaeleza kwamba kando ya gurudumu kuna kinga ya plastiki inayozuia maji yasirukie injini, na kingo zake huzibwa kwa sponji. Sponji ikiisha, maji hulowesha mkanda wa injini, nao huteleza na kupiga kelele.

“Mukanda iko muzima, Mama,” akasema. “Sponji ndiyo ilikwisha. Na mi sina.”

Iribagiza alicheka mpaka akashika boneti. Yeye, ambaye sponji humtoka hata kwenye nywele! Alikwenda dukani kwake akarudi na vipande tele. Walikwangua gundi ya zamani, yeye akakata, Kadiri akabandika, na katikati ya kazi vidole vyao vikagandana. Ilichukua muda kuvitenganisha, na hakuna aliyeonekana kuwa na haraka.

Mvua ilipopita, gari likalia zaidi. Kadiri akaivua ile sponji na kuikamua kama kitambaa cha kudekia, maji yakamjaa viatuni.

“Hii ya kochi inakunywa maji,” akasema. “Tutafute yenye haikunywake.”

Iribagiza akafikiri, kisha akaenda nyumbani kuchukua mkeka wake wa mazoezi, wa waridi, alionunua kwa ajili ya michezo ya Jumapili na kuutumia mara moja tu. Waliumwagia maji, yakateleza yote. Wakaukata, wakabandika, na gundi ilipokuwa ikikauka Kadiri akapika chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Kesho yake waliingia kwenye dimbwi kubwa la njia ya sokoni. Maji yaliruka mpaka madirishani, na injini ikanguruma kistaarabu. Iribagiza akarudi kinyumenyume, akaingia tena. Na tena. Kadiri alicheka mpaka machozi yakamtoka. Wanawake wakulima wa Cyanzarwe waliobeba kabichi wakasimama, mmoja akauliza kama wamepoteza kitu humo ndani.

Iribagiza alipozima gari, Kadiri akakohoa.

“Dimanche nitakuja kwako na dada yangu.”

“Jumapili? Gari limepona, fundi.”

“Si juu ya gari, Iribagiza.”

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. Iribagiza alitaka kumjibu kwa heshima ya mtu mzima, lakini kwikwi ikamshika.

“Njooni mapema,” akasema hatimaye. “Dada yako anakula sambaza?”

Dada alikula vile visamaki. Alikalia pia kila kochi sebuleni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndoa ilifungwa ofisi ya serikali ya sekta, ndugu wa Kadiri wa msikitini na wa Iribagiza wa kanisani wakala pilau moja, wengine wakiwa wametoka Goma asubuhi hiyo, na bibi harusi akacheza mpaka kisigino cha kiatu kikakatika. Akaendelea peku.