Kipa Aliyeombwa kwa Halua

Nadira alipofiwa na mumewe, wasichana wake ishirini na wawili walikuja matangani wamevaa madira na mitandio, wakaketi uani kwa safu, kimya, mpaka majirani wakauliza hao ni wanafunzi wa madrasa gani. Walikuwa timu ya mpira. Pale Chaani, ambako malori hupita tangu alfajiri na vumbi lake huingia mpaka ndani ya sufuria, hakuna aliyewahi kuwaona wametulia kiasi kile.

Nadira ana miaka arubaini na saba. Ni mfupi, mnene kidogo, na ana sauti ambayo akiipaza kiwanjani, utingo wa lori barabarani hugeuka akidhani ameitwa yeye. Amefundisha wasichana mpira kwa miaka kumi na minane, na malipo yake ni asante, tena si kila siku.

Ujanani naye aliitwa timu ya taifa, mara moja. Kwa alivyoiona yeye, timu ya siku hizo ilikuwa ya kuitwa Alhamisi na kucheza Jumapili. Alipanda basi, akafika Nairobi miguu imevimba, akapewa jezi iliyokatwa kwa kipimo cha mwanamume, ikamfika magotini. Alicheza dakika ishirini na hakuitwa tena. Alingoja miaka miwili kujua alikosea wapi, kisha akasikia kwamba wenziwe nao hawakuwa wameitwa. Watu wa wakati ule walikuwa na subira ya ajabu, au hawakuwa na la kufanya.

Siku hizi mambo yamebadilika, tuseme ukweli. Ipo kambi ya wiki tatu, yupo daktari, yupo mpishi, na wako makocha wanaozunguka nchi kuwatazama wasichana wangali shuleni. Jezi zinawakaa. Timu imekua, na pamoja na kukua kwake zimekuja fomu.

Lakini iko shida moja ambayo Nadira aliijua na watu wa Nairobi hawakuijua. Msichana wa Chaani au wa Utange haitwi uwanjani kwa filimbi. Ana baba, ana mama, ana mashangazi, na ana ami ambaye hana kazi nyingine ila kuuliza. Kwa hiyo Nadira alijitengenezea njia, na njia yenyewe ilikuwa ya kale: alikwenda kumwomba mtoto kama watu wanavyokwenda kuposa. Ijumaa alasiri, yeye na mumewe Jaffar, wamevaa vizuri, wamebeba sahani ya halua iliyofunikwa kitambaa. Jaffar alikuwa karani katika bohari ya mafuta, mtu wa maneno laini. Alikaa barazani na baba mtu, akauliza habari za afya, za jamaa, za msikiti, na kikombe cha pili cha kahawa kilipokwisha ndipo alisema kuwa wamekuja na haja. Nadira alikuwa ndani na wanawake. Mwishoni aliitwa mlangoni atoe ahadi, na ahadi hiyo haikubadilika miaka yote: "Nampokea kwa mkono wangu, na kwa mkono wangu nitamrudisha, kabla ya maghribi."

Watu walicheka sana. Mwanamke anaposa kipa! Lakini mabinti walitolewa, na kabla ya maghribi walirudishwa, hata ikiwa mechi ingali na dakika kumi. Timu ilipoteza mechi mbili kwa sababu hiyo, na Nadira hakumwomba mtu radhi.

Ndivyo alivyompata Rania, binti wa Hussam, mwenye duka la vipuri vya malori Changamwe. Alimpata ana miaka kumi na mmoja, mikono imemzidi urefu. Leo ana kumi na saba, naye si kipa wa kurukaruka ili watu wapige makofi. Husimama pale ambapo mpira utakuja, kisha huupokea kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ashike. Nadira alikuwa amefundisha wengi wazuri, lakini kwa huyu alinyamaza na kumtazama tu, na kwa Nadira kunyamaza ni jambo kubwa.

Jaffar alifariki kwa moyo, ghafla, baada ya sala ya adhuhuri. Nadira akaingia eda: miezi minne na siku kumi nyumbani, bila manukato, bila hina, bila safari. Alikaa na mavyaa yake, Bi Tumu, mama mzazi wa Jaffar, mwenye miaka sabini na mitatu. Wawili hawa walikuwa wakipendana kwa adabu. Bi Tumu hakuwahi kumkataza mkaza mwanawe mambo ya mpira. Alifanya kubwa kuliko hilo, hakuyataja kabisa. Nadira aliporudi jioni na matope miguuni, Bi Tumu alimwuliza kama sokoni kulikuwa na samaki.

Timu ikabaki kwa Velma, msaidizi wake, msichana wa bara aliyekuja Changamwe kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Velma anaujua mpira vizuri. Pwani ndiyo alikuwa bado hajaijua. Kila alasiri alimtumia Nadira video za mazoezi, na Nadira alijibu kwa ujumbe wa sauti, akinong'ona, ili mavyaa yake asimsikie akimkaripia beki wa kulia ndani ya eda.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili eda iishe, siku ya Alhamisi, jina la Rania lilipotoka kwenye orodha ya timu ya taifa. Kipa wa tatu. Aripoti kambini Jumatatu, na kwa kuwa hajatimiza miaka kumi na minane, mzazi atie sahihi fomu.

Velma alifurahi mpaka furaha ikamponza. Alikwenda mbio na ile fomu dukani kwa Hussam, saa tano asubuhi, wateja wamejaa, akaiweka juu ya kaunta kati ya boliti na mkebe wa grisi.

"Mzee, piga saini hapa tu," alisema. "Rania amechukuliwa na Nairobi!"

Hussam aliitazama fomu, akautazama mkebe. "Amechukuliwa na nani?"

"Timu ya taifa!"

"Walifika nyumbani kwangu lini?"

Velma alicheka, akidhani ni mzaha. Hussam alimrudishia karatasi yake bila hasira yoyote, akamgeukia mteja aliyekuwa akingoja beringi.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, Hussam mwenyewe alifika Chaani. Alikaa barazani. Nadira alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, na Bi Tumu alikaa mkekani ndani karibu na kizingiti, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Asalam alaikum, Bi Nadira. Mwenyezi Mungu akuzidishie subira."

"Waalaikum salam, Bwana Hussam. Amin. Nimesikia ya jana. Velma hakukusudia kukuvunjia heshima."

"Najua, wala simlaumu. Lakini mimi mtoto sikuwapa Nairobi. Niliwapa nyinyi, weye na marehemu. Ukasema utampokea kwa mkono wako na kumrudisha kwa mkono wako. Kweli si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi ukenda naye, sahihi natia hapa hapa. Usipokwenda, mtoto atakaa. Wallahi sina neno jingine."

Nadira alishika pazia. Angekuwa baba mkorofi angemjibu. Majibu ya wakorofi anayo tele. Lakini huyu alikuwa akidai kile alichoahidiwa, tena na yeye mwenyewe Nadira, kwa maneno aliyoyachagua. Aliomba apewe mpaka Jumapili.

Alimpigia simu mwalimu wa madrasa, akamweleza yote. Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba mjane kutoka mchana kwa dharura ruhusa ipo, lakini kusafiri na kulala mbali na nyumba ya eda, hapana. Nadira alilijua jibu hilo kabla ya kupiga. Alipiga akitumaini limebadilika. Kisha akamwagiza Velma awaulize watu wa kambini kama Rania anaweza kungojwa wiki mbili. Walijibu kwa ujumbe wa maneno manne: "Kuna kipa mwingine, asante."

Jumamosi Rania alikuja, akaketi mkekani miguu ameikunja.

"Ma Nadira, usivunje eda kwa ajili yangu."

"Sina nia ya kuivunja."

"Basi sitakwenda. Si neno." Alisema hivyo huku akivuta uzi mmoja wa mkeka mpaka ukakatika.

Baada ya mtoto kuondoka, Nadira aliingia chumbani na kukasirika. Alimkasirikia Jaffar kwa kufa, jambo ambalo mjane hawezi kulisema mbele ya watu. Angekuwapo angekwenda na Hussam mpaka kikombe cha tatu, na hadi cha nne wangekuwa wamesikilizana. Sasa yeye ameachiwa ahadi nzima, na nusu ya waliokuwa wakiitekeleza yuko kaburini.

Jumapili alasiri Hussam alirudi, fomu, ambayo Rania aliichukua tena kwa Velma, imo mfukoni mwa kanzu. Nadira alisimama nyuma ya pazia. Alikuwa amejiandaa kusema hapana, na alikuwa amefika "Bwana Hussam, mimi nimeshindwa," sauti ya Bi Tumu ilipomkata.

"Nadira. Huyu bwana ulimuahidi mkono wako peke yako, ama mkono wa nyumba hini?"

Nadira aligeuka kumtazama mavyaa yake.

"Mwanangu alipokwenda kuposa, alisema kwa niaba ya nani? Ya nyumba. Na katika nyumba hini mkubwa ni mimi." Bi Tumu aliweka ungo chini. "Eda ni yako weye. Mimi niliyemzaa, sheria imenipa siku tatu tu za msiba, nazo zimekwisha zamani. Nitakwenda mimi."

Barazani Hussam alikohoa.

"Shikamoo, Bi Tumu. Lakini Nairobi kuna baridi."

"Marahaba. Nitavaa sweta. Tia sahihi."

Hussam aliiweka fomu juu ya goti lake, akatia sahihi.

"Mama," Nadira alisema mgeni alipokwisha kwenda, "na mpira huujui."

"Mpira siujui. Mtoto namjua. Aja hapa kila siku, ala mahamri yangu."

Jumatatu waliondoka kwa treni, Rania na begi lake la viatu, Bi Tumu na msala wake na sweta la Jaffar. Kambini matroni, mwanamke mmoja aitwaye Fancy, alisema kwa heshima zote kwamba pale hapalali bibi ya mtu. Bi Tumu aliketi juu ya begi langoni. "Nimemleta kwa mkono, nitamrudisha kwa mkono," alimwambia. "Nionyeshe nitakapolala." Mpaka jua linatua alikuwa na kitanda katika chumba cha Fancy. Wiki haikwisha wachezaji wote, wa Kisumu na wa Kakamega wakiwamo, walikuwa wakimwamkia shikamoo kabla ya kufunga kamba za viatu, na yeye alikuwa akimpigia Nadira simu kila siku kutoa habari.

"Leo wamemrushia mipira arubaini. Mitatu imempita. Nimehesabu kwa tasbihi."

"Mitatu ilipita upande gani, mama?"

"Kulia. Mato yangu hayajapofuka. Anachelewa kulia."

Nadira aliandika. Ilikuwa kweli, Rania huchelewa kulia.

Siku ya mia na thelathini wanawake wa mtaani walikuja kumtoa Nadira eda. Walimwosha, wakamvika dira jipya, wakamfukiza udi. Walipoondoka, kitu cha kwanza alichofanya ni kupiga simu Nairobi.

"Mama, eda imekwisha. Kesho napanda treni nije nikupokee, weye urudi upumzike."

"Usije."

"Umechoka, mama."

"Nani kakwambia? Kaa na hao wengine uliowawacha. Huyu niwachie mimi mpaka arudi kwao."

Halafu Bi Tumu akasema tena, polepole zaidi.

"Nadira. Jaffar alikuwa akinambia kila Ijumaa, mama, leo ndoo, twende ukamuone Nadira akifundisha. Miaka na miaka. Nami nikimwambia, nikamuone mkeo akipiga kelele mbele ya matingo? Mwisho akawacha kuniuliza."

"Hakukasirika, mama. Wallahi hakukasirika."

"Najua hakukasirika. Ndiyo maana yaniuma. Kila siku naketi hapa, na hawa makocha wakimuona mtoto alivyosimama, waulizana, kafundishwa na nani huyu? Nami nageuka upande nimwambie Jaffar, waskia wasemavyo? Na Jaffar hayupo."

Nadira alilia. Tangu mazishi alikuwa amelia kwa kipimo, kwa sababu nyumba ilikuwa na mama wa marehemu na haikufaa mke amzidi. Sasa alilia kwa sauti ile ile ya kiwanjani, na upande wa pili alimsikia mavyaa yake naye analia, bila kuficha. Hakuna aliyemwambia mwenziwe anyamaze.

"Basi, mwanangu," Bi Tumu alisema mwishowe. "Watoto washaanza kukimbia. Niwache niangalie."

Akakata simu.