Kijiti cha Ijumaa

Ilianza siku ya Ijumaa, saa kumi na mbili na robo jioni. Nilikuwa darasa la tatu, nimesimama bila viatu kwenye uwanja wa shule yetu ya msingi. Likizo hii nimepita pale nikakuta nusu ya uwanja imejengwa madarasa. Naandika kwa sababu kwa mdomo nilichelewa kusema.

Uwanja wenyewe ulikuwa mteremko wa nyasi katikati ya mashamba ya chai. Mpira wetu wa maganda ya mgomba ukikuponyoka, unaufuata hadi mtoni. Lakini saa ya michezo ilikuwa tamu, wacha tu. Sweta tunafunga kiunoni, githeri ya mchana, mahindi na maharagwe, bado inacheza tumboni, na mwalimu wa michezo na filimbi yake: "Kijiti ni cha wote. Ukikiangusha, umetuangusha!"

Nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya wenzake, ila mbio nilikuwa nazo. Mwalimu akaniweka wa mwisho katika timu ya wasichana wanne ya kupokezana kijiti. Wa tatu alikuwa rafiki yangu wa dawati moja. "We mwoga, kazi yako ni kukimbia tu," aliniambia. "Kijiti nitakuletea."

Siku hiyo tulishindana na shule jirani. Mvua ya saa tisa, ile yetu ya kila siku, ikachelewesha mambo. Na kwetu ni Wasabato. Ijumaa jua likizama Sabato imeanza: kuni zimeshapasuliwa, chakula kimeshaiva, viatu vimeshapigwa rangi. Nyanya, aliyenilea, husema Sabato haimngoji mtu mlangoni. Basi nilikuwa natazama jua kuliko mashindano.

Rafiki yangu akaja akiongoza, matope yanaruka. Hapo ndipo nilipomwona nyanya kwenye ua wa shule, na mwavuli wake, ananikazia macho. Jua lilikuwa limegusa kilima. Nikatoka kwenye mstari.

"Shika! We, shika!"

Nilificha mikono mgongoni. Rafiki yangu akanipita na kijiti chake, akajaribu kukimbia zamu yangu pia, akateleza pale mteremko unapozidi. Nilisikia mguu ukivunjika kabla ya kusikia kilio.

Jioni ile mimi na nyanya tulikula ndizi zilizoungua, bila neno. Nikajua amekasirika.

Mzee mmoja wa kijijini aliufunga ule mfupa, ukaunga vibaya. Mwalimu alipomuuliza, rafiki yangu alisema aliteleza kabla ya kunifikia. Mimi sikumsahihisha. Alirudi shuleni na fimbo ya kutembelea, wenzetu wakamwita Miguu Mitatu. Nami nikacheka pamoja nao, mara moja. Darasa la sita akaacha shule.

Ijumaa iliyopita nilimwambia nyanya kwamba uwanja umejengwa. Siku hizi ni mgonjwa, hatoki kitandani.

"Siku ile nilikuja kukuona ukikimbia," akasema. "Hata ndizi niliziacha motoni. Nilimwomba Mungu alishikilie jua kidogo. Mbona ulisimama?"

Miaka yote hii nilidhani alikuja kunitoa.

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilingoja uniambie mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata nilivaa gauni la kanisa, lakini kanisani sikufika. Nilimkuta rafiki yangu kwenye shamba la chai la mama yake, kikapu mgongoni, uzito wote ameuweka kwenye mguu mmoja. Nikasimama ukingoni mwa shamba.

"Bado unasimama tu?" akasema, mikono inaendelea kuchuma.

Nikamwambia yote: jua, nyanya, hata kile kicheko. Alimaliza mstari mzima wa michai ndipo akajibu.

"Kwamba uliogopa, nilijua. Nililala pale nyumbani mihula miwili. Kwenu ni nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hukuja hata kunisalimia."

Akatua kikapu, kimejaa, akanisukumia.

"Shika."

Kituo cha kuuzia majani kiko juu ya kilima. Nilikibeba kikapu hadi huko polepole, maana yeye hawezi kupanda haraka.