Mota za Kasereka Zilivyoliwa Matangani

Wanasema hasira hasara. Aliyesema hivyo hakumjua Kasereka, maana kwake yeye hasara ndiyo iliyotangulia, na hasira ikaja mbio nyuma yake.

Kasereka ni fundi wa mashine za kufyonza vumbi. Kontena lake liko nyuma ya maghala ya Bugolobi jijini Kampala, upande wa viwandani, pale malori yanapogeuzia. Kwao ni Butembo, huko Kongo, na Wanande wa Butembo hawahangaiki kubuni majina: mtoto wa kiume wa tatu ni Kasereka, wa nne ni Kakule, imekwisha hiyo. Ukisikia jina lake umeshajua kwamba walizaliwa wawili mbele yake. Usichoweza kujua ni kwamba wote wawili walikufa, na huyu wa tatu akajikuta ndiye mkubwa. Aliyemfuata, Kakule Bénit, anauza vitenge Kabalagala, anatembea na mzigo begani mlango kwa mlango, na wanakaa nyumba moja na Kasereka na mkewe Julienne.

Katika ufundi wake wote Kasereka amependa mashine moja tu. Ni ile nene ya duara, ya kijani iliyopauka, ambayo mafundi wa Kampala waliibatiza Pipa. Zamani mahoteli yaliinunua kwa wingi, na makanisa yenye mazulia, na wapangaji wa maghorofa ya Bugolobi waliokuwa na uwezo. Mota yake unaifungua kwa bisibisi. Kaboni zikiisha unachomoa, unaweka nyingine. Beringi zikilia, unapata nyingine mtaani. Waya wa shaba ukiungua, unakaa chini na subira yako unausuka upya, na mashine inaamka, inanguruma, mwenye nayo anacheka. Mashine ya kiungwana, ilikubali kutibiwa.

Halafu kampuni ikaacha kuitengeneza.

Habari hiyo aliipata kwenye duka kubwa la mjini, siku aliyokwenda kutafuta swichi. Msichana wa kaunta alimtazama kwa huruma, kama muuguzi.

"Ssebo, hiyo ya zamani kampuni iliacha. Hata spea hawaleti tena. Chukua hii mpya ya kuchaji, nzuli sana."

Akamwekea mkononi. Mota yake ilikuwa ndogo, ingetosha ndani ya kikombe cha chai. Haina kaboni, inazunguka kwa kasi ya kutisha, inakula umeme kidogo, haipigi kelele. Kasereka si mjinga wa kukataa kizuri akikiona. Aliisikiliza, akaisifu, akauliza swali moja.

"Na ikifa?"

"Ikifa unanunua ingine, ssebo."

Baadaye mteja mmoja akamletea ya namna hiyo, imekufa kabla haijachakaa. Kasereka akatafuta skrubu, hakuna. Ilikuwa imefungwa kwa gundi pande zote. Alipoipasua hatimaye kwa msumeno, akakuta ndani kidude cha umeme kimezama kwenye utomvu mgumu mweusi, hakiguswi, hakitibiki. Alitukana mpaka jirani yake wa kuziba magurudumu akaja kuona anayepigwa ni nani. Na alikuwa na haki ya kutukana. Mtu anakuuzia kitu, kisha anakifunga ili wewe mwenye kitu usikione ndani. Huyo kakuuzia nini? Kakukodisha, na siku ya kurudisha amepanga yeye.

Basi Kasereka akafanya uamuzi. Kila Pipa lililokufa katika mji huu atalinunua yeye.

Aliyanunua kwa wasimamizi wa hoteli, kwa walinzi wa maghorofa, kwa makanisa yaliyoondoa mazulia. Na kila alipoleta moja, alifanya kama wafanyavyo mafundi wote wa kazi hii: alitoa mota nje. Mota haipendi kukaa ndani ya ganda bovu. Unyevu unaingia, panya wanazalia humo, shaba inaota kijani. Aliisafisha, akaisuka upya ikiwa imeungua, akaitia beringi, akaijaribu, kisha akaifunga kwa kitambaa chenye mafuta na kuiweka kwenye gunia chini ya meza. Maganda matupu aliyaosha akayapanga rafuni, kwa sababu mteja huamini duka lenye rafu zilizojaa. Kwa hiyo mtu asiyejua akiingia, ataona mashine nzima ziko juu, zinang'aa, na vyuma vyeusi vya kutupwa viko chini kwenye magunia. Kwa mafundi hilo halina haja ya maelezo, na Kasereka hakumweleza mtu.

Yale magunia ndiyo yaliyokuwa kesho yake. Mapipa bado yanafanya kazi mjini, na yataendelea kufa moja moja, na hakuna kwingine pa kupata mota isipokuwa kwake. Tena kulikuwa na jambo jipya. Rafiki yake Khaemba, Mluhya wa Bungoma anayeyeyusha alumini chakavu na kusubu sufuria kule Katwe, alinunua mota moja akaifunga kwenye bomba chini ya tanuri lake, ipulize moto. Moto ukawaka jinsi ambavyo haukuwahi kuwaka. Wasubu sufuria wengine wakaona, wakataka. Maseremala nao wakauliza kama itavuta vumbi la mbao.

"Kampuni imeifukuza kazi," Kasereka alimwambia Julienne, na ilikuwa nadra kumwona akitabasamu. "Mimi nitaiajiri."

Bila magunia yale yeye ni mtu mwenye bisibisi tu, na mji umejaa watu wenye bisibisi. Angerudi kubeba mizigo bandarini Port Bell kama alipofika mara ya kwanza, na mgongo wa sasa si ule.

Hapo ndipo simu ilipokuja kutoka Butembo kwamba mama amefariki.

Kasereka alimpa Bénit ufunguo wa kontena, akapanda basi la kwenda mpakani. Mpakani akakwama. Upande wa pili njia ilikuwa imefungwa kwa mapigano, magari hayapiti, na waliojaribu kwa pikipiki walirudi na habari mbaya. Alingoja. Maiti haingoji. Alisimama pale Mpondwe, milima ya kwao anaiona kwa macho, akapigiwa simu kwamba wamekwisha kuzika. Akageuza.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Alipofika nyumbani Kampala alikuta matanga yamekwisha. Wakongomani wa mtaa mzima walikuwa wamekaa pale usiku na mchana, wameimba, wamekula, wameondoka. Kila aliyekutana naye alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Mmemheshimu mama. Ile ni matanga! Nyama ilikuwa, muchele ilikuwa, hakuna mtu alirudi na njaa."

Kasereka alishukuru. Hakujiuliza nyama imetoka wapi. Julienne ndiye aliyekuwa hamtazami usoni, na yeye akadhani ni huzuni.

Asubuhi alimkuta Bénit kontenani, amewahi, ana kitambaa mkononi. Rafu zilikuwa zinameremeta. Kila Pipa lilikuwa limepanguzwa, bomba limezungushwa shingoni vizuri, yamepangwa kwa ukubwa. Chini ya meza palikuwa peupe.

"Yaya, karibu," Bénit alisema kwa furaha; kwao kaka mkubwa huitwa Yaya. "Watu walikuja wengi kwa matanga, sikukuwa na kitu. Nilikamata yale magunia ya mota za kufa, nikauzisha kwa watu wa skrapu. Lakini mashine nzima sikugusa hata moja. Angalia! Nimekuchungia zote."

Kasereka aliangalia. Alinyoosha mkono akalinyanyua Pipa la karibu kwa kidole kimoja, maana ganda tupu halina uzito. Akalirudisha. Angeweza kumpiga mdogo wake wakati ule. Kilichomzuia si upole, msimwonee kwa kumsingizia upole. Ni kwamba mota zilikuwa mahali fulani, na kila dakika ya kupiga kelele ilikuwa dakika ya kuzipoteza.

"Nani alinunua?" aliuliza.

Bénit alimwelekeza. Mnunuzi wa chuma chakavu alimpokea kwa uchangamfu, akamwonyesha jivu. Waya wa shaba wote ulikuwa umekatwa, umechomwa, umekwenda. Waya alioufuma kwa vidole vyake, zamu baada ya zamu, mpaka macho yakauma! Na mifuniko ya alumini ya mota hizo?

"Hiyo ilienda Katwe, kwa watu wa sufuria."

Kasereka alichukua boda mpaka Katwe, na njia nzima alikuwa akiongea peke yake mpaka dereva akaomba radhi bila kujua kosa lake.

Khaemba alikuwa tanurini na wenzake wawili. Moto ulikuwa unanguruma, na Kasereka aliitambua sauti kabla hajaona chochote: mota yake, ile moja aliyomuuzia Khaemba, inapuliza kwa nguvu zake zote. Na ndani ya chungu cha chuma, juu ya moto huo, mifuniko ya mota zake nyingine ilikuwa inalainika, inazama, inakuwa uji.

"Kasereka! Pole sana, ndugu yangu," Khaemba alisema akijifuta jasho. "Nilisikia mmempoteza mzazi, na mimi sikufika, kazi ilinibana. Unaona hii mzigo? Jamaa wa skrapu ameileta juzi. Safi ajabu. Haina kutu, haina uchafu. Mwenye kuuza hizi alikuwa amezitunza kama mayai."

Mkono wa Kasereka ulikuwa umeshafika kwenye waya wa umeme. Avute tu, mota inyamaze, moto ulale, uji ugande ndani ya chungu, na wao wajue. Alitaka wajue, mji mzima ujue! Lakini wale wawili walikuwa wamekwisha kukishika chungu kwa koleo ndefu, wanakinyanyua, na mtu hafanyi mchezo na watu walioshika chuma kinachochemka. Akauachia waya. Alumini ikamiminwa kwenye kalibu ya mchanga, moshi ukapanda, na mota zake zikawa zimekwisha.

Khaemba hakujua kitu, na Kasereka hakuweza kumweleza. Angemwambia nini? Alinunua kwa pesa yake, hakuiba. Alikaa pale juu ya jiwe mpaka Khaemba akaivunja kalibu, akaitoa sufuria, akaikwangua kingo, akaileta kwa mikono miwili.

"Kwetu huwezi kwenda matangani mikono mitupu. Na kwa vile sikuenda, chukua. Ni rambirambi yangu. Mpelekee shemeji."

Rambirambi haikataliwi. Kasereka aliipokea, ikiwa bado na joto, akasema asante, akaondoka nayo.

Nyumbani Bénit na Julienne walikuwa wanakula. Kasereka aliiweka sufuria katikati ya meza kwa kishindo, mchuzi ukaruka.

"Mota zangu hizo. Pikia."

"Mota gani, Yaya?"

"Za magunia! Zilikuwa hai, Bénit, zote! Nilizitoa ndani ya mashine ili zisife. Hizo unazopanguza ni maganda. Hakuna kitu ndani! Umeuza roho, ukanichungia majeneza!"

Bénit alimtazama Julienne, na Julienne akatikisa kichwa polepole, maana na yeye hakujua kwamba magunia yameuzwa mpaka alipoona yameondoka, na hapo walaji walikuwa wameshakaa mkekani. Ungefikiri Bénit ataomba msamaha, na huenda alikuwa njiani kuuomba. Lakini uchungu nao una zamu yake.

"Ningejua aje? Ulinielezaka? Ulinitupia ufunguo, ukaenda."

"Nilienda kuzika mama!"

"Na ulimuzika?"

"Bénit!" Julienne aliinuka.

"Hapana, acha niseme. Mama alizikwa na majirani. Butembo hakukuwa mutoto wake hata mumoja. Wewe ulikuwa kwa mupaka, Yaya, si kosa yako. Mimi nilikuwa hapa. Hapa tu ndio mama alililiwa na mutoto wake. Watu walikuja, wakaimba, wakataja jina yake. Ningewaambia waende na njaa juu ya mota?"

Kasereka alifungua mdomo kumjibu. Maneno yalikuwa tayari, alikuwa ameyapanga njia nzima kutoka Katwe, makali yote. Kilichotoka ni sauti ambayo Julienne hakuwahi kuisikia kwa mume wake. Alikuwa hajamlilia mama yake. Si mpakani, si ndani ya basi, si mbele ya waliomshika mikono. Kila chozi lilipotaka kutoka alitafuta mtu wa kumkasirikia, na mji huu hauna uhaba. Sasa alilia ameinama juu ya meza, huku akitukana: alimtukana Bénit, akawatukana wenye bunduki waliofunga njia, akawatukana wale wa mbali wanaofunga mota kwa gundi, na katikati ya matusi alikuwa akiita mama, mama, mpaka pumzi ikamwishia.

Bénit hakuondoka. Alivuta kiti karibu naye, bado amenuna, na yeye pia akaanza kulia. Julienne akaenda kufunga mlango, majirani wasije wakafikiri kuna msiba mwingine.