Salamu Katikati ya Picha

Mwaka ule nilichoka mpaka nikawa nasinzia nikiwa nimesimama. Mashine ya MRI ilikuwa moja tu katika kliniki yetu pale Migori, na foleni ilianza kabla sijavaa koti. Ndiyo maana nilipiga picha za haraka. Kichwa cha mgonjwa hukaa ndani ya kofia ngumu yenye antena nyingi. Mashine huruka nusu ya vipimo, kisha kompyuta huziba mapengo kwa kutumia ramani ya kila antena, inayochukuliwa sekunde chache za mwanzo. Kichwa kikisogea baada ya ramani, picha hujikunja na katikati ya ubongo hujaa chengachenga.

Mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Mbita alikuja mara mbili, na mara zote mbili picha ikaharibika palepale daktari wa upasuaji alipotaka kuona. Nililaumu umeme, nikalaumu kompyuta, nikamlaumu na yeye. Kumwambia arudi tena kuliniuma, maana macho yake yalikuwa yameanza kufifia na alikuja ameshikwa mkono na bintiye.

Mara ya tatu nilimwangalia kupitia kioo. Ramani ilipoisha, nikabonyeza kipaza sauti kama kawaida yangu. "Mama, uko sawa?"

"Niko sawa, nyathina! Na wewe, mwanangu?" Akageuza kichwa kumtafuta aliyemsalimia.

Nilijiona mjinga kupindukia. Mama aliyelelewa vizuri angejibuje salamu huku amekodolea dari? Wazee wote waliopita kwenye mashine ile niliwasalimia wakati huohuo, wote wakanijibu kwa heshima, na mimi nikawaita wasumbufu.

Nikaingia ndani, nikaketi karibu naye, tukasalimiana mpaka salamu zikaisha: watoto, ziwa, bei ya omena.

"Sasa mama, nikitoka nitanyamaza. Usinione nina kiburi."

"Sawa. Na mimi nitanyamaza."

Tukanyamaza wote wawili. Picha ikatoka safi kuliko zote nilizopiga mwaka ule. Uvimbe ulionekana wazi nyuma ya macho, mkubwa kuliko nilivyohofia.

Nilipomsaidia kuteremka akaniuliza, "Leo imetoka vizuri?"

Mengine hayakuwa yangu kusema, yalikuwa ya daktari. "Imetoka vizuri sana, mama."

Akapiga makofi, akanishukuru kwa Kijaluo, kisha akamwita bintiye aje anishukuru naye.