Kalamu Nyekundu ya Mwalimu wa Hesabu

Mwalimu wa hesabu hazungumzi na mzazi mkono ukiwa umelala. Hulamba kidole, hufunua daftari, huchora alama ya vema iliyoinama kama mtu anayesinzia, kisha hulamba tena. Na muda wote huo macho yamemkazia mzazi, si daftari, na sauti ni tamu kama ya dalali. "Shule imefanya yake, mama. Binti yako ni mvivu. Arudie darasa." Mama muuza mitumba hakubisha. Alikwisha kumbana binti huyo nyumbani, maana hata kwa damu yake hakubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na binti akaapa kwamba daftari lake zima halina kosa. Kweli, kila jibu lilikuwa na vema ya mwalimu. Lakini nguo isiyo na doa popote, mama huigeuza ndani nje kabla ya kutaja bei.

"Basi mwalimu, nisahihishie na kazi ya leo."

"Lete, mama, sisi hatulali." Akalamba kidole. "Watoto wa siku hizi, ukiwapa kisogo tu..." Vema. "...wanacheza." Vema.

Mama akalivuta daftari taratibu, akaweka kidole penye vema ya wino mbichi: tano mara tano, hamsini.

"Hesabu hizi nimeziandika mimi asubuhi, mwalimu. Haya, nani arudie darasa?"

Mwalimu akalamba kidole, akakosa ukurasa wa kufunua.