Kichuguu Kilichowachekesha Wakanada

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana wanangu wamo humu kwenye ukurasa wako. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, mzaliwa wa Kigoma, shule niliishia darasa la nne. Nilikuja Oldeani nikiwa kijana, kuchuma kahawa, nikajiambia nikipata nauli narudi. Sijarudi hadi leo. Mke wangu alishatangulia. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, basi mnivumilie.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni, nilitoka kwenye kahawa nikapata kazi ya kuendesha trekta kwenye shamba la ngano lililokuwa likifunguliwa upande wa chini. Matrekta yalikuwa msaada kutoka Kanada, mapya, yananukia rangi. Katikati ya lile pori palikuwa na kaburi. Wadatoga, wafugaji wa huku, wakifiwa na mzee mwenye heshima hawamfukii tu wakaondoka. Wanamjengea kilima cha udongo, wanakipandisha kwa miezi mingi, wanakizungushia miti iliyochongwa. Mimi nililijua kaburi lile, maana siku ya kumaliza kilima nilipita pale na mzigo wa kuni, wakanikalisha, wakaninywesha pombe ya asali kama mtu wa kwao. Kiangazi kile mjane wa marehemu na wanawe walikuwa wamehamisha ng'ombe kufuata maji. Nyapara akaniambia, "Piga hapo." Nikamwambia, "Mzee, hilo ni kaburi." Akanitazama. "Wewe Muha, umekuja kulima au kuchunga makaburi ya watu? Hicho ni kichuguu. Kama wewe unaona kaburi, funga mzigo wako." Nyumba niliyolala ilikuwa ya shamba. Nikapanda kwenye trekta.

Udongo ulikuwa umeshindiliwa kweli. Nilihangaika nao siku mbili, mpaka plau ikavunjika. Tukiwa tunaitengeneza ndipo akaja mwandishi wa habari, Mkanada mwembamba mwenye ndevu nyekundu. Kiswahili alikijua, aliwahi kufundisha Tabora. Alitumwa aandike jinsi msaada wao unavyofanya kazi. Yule mtu alikuwa na maneno! Alikaa juu ya tairi akatuchekesha mpaka nyapara akasahau kutufokea. "Ndugu zangu," akasema, "waziri wetu alipokabidhi matrekta haya alipigwa picha nyingi kuliko matrekta yenyewe. Na magazeti yetu msiyaone mengi, wanaoyamiliki ni wawili watatu. Asubuhi wanatukanana ukurasa wa kwanza, jioni wanakula meza moja." Nikamuuliza kama na kwao kuna ugomvi. "Upo. Kuna jimbo la watu wa Kifaransa, linataka kujitenga. Ni kama mke anayefunga sanduku kila mwaka, halafu anasimama mlangoni kuuliza blanketi litabaki kwa nani. Sisi waandishi tunakula kwa lile sanduku. Siku akiondoka kweli, tutakufa njaa."

Kisha akauliza ni nini kimevunja plau ya serikali yake. Nyapara alikuwa nyuma yangu. Nikasema, "Kichuguu." Akacheka hadi machozi. "Mchwa wa Tanzania wameishinda Kanada siku mbili! Hebu panda juu nikupige picha." Nikapanda. Mguu mmoja mbele, koleo begani, nacheka. Alipokuwa akifunga kamera akaona mti uliochongwa umelala kwenye udongo. Akaugeuza kwa kiatu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, mzaha umemtoka, "Ndugu, mchwa wa huku huchonga miti?" Nikashuka, nikashika spana. Naye akafunga mkoba wa kamera. Baadaye akasema, "Mhariri wangu hachapishi kilio cha mbali. Kichekesho cha mbali, hicho anakichapisha siku hiyohiyo." Akapanda gari lake. Plau ilipopona tukamaliza kusawazisha kilima, ngano ikaota juu yake.

Miezi mingi ikapita, gazeti likanifikia kwa posta. Padre mmoja alinisomea kwa Kiswahili. Makala yote ilikuwa ya kumcheka waziri, na mchwa wetu, na plau, na picha yangu pale juu. Mwandishi alikuwa ametia na barua, kwamba watu wamecheka sana, hata wapinzani wa waziri wanamsalimia kwa jina la Bwana Mchwa. Padre naye akacheka. Mimi sikuweza.

Sikuweza kwa sababu mjane wa yule mzee alikuwa amesharudi. Kila mwezi ukiandama alikuja na kibuyu cha maziwa ya kumwagia kaburi, akasimama ukingoni mwa ngano. Safari ya kwanza alinisimamisha. Alinikumbuka kwa ile pombe ya asali. "Mwanangu, wewe ndiye unayelima hapa. Mzee wangu amelala wapi?" Nikasema, "Sijui, mama." Akamwaga maziwa pale aliposimama, hatua kama mia mbili kutoka kwa mumewe. Nilimtazama akimwaga mahali pasipo pake miaka yote, mpaka akafariki. Sasa anakuja binti yake, naye ni bibi kizee. Anamwaga palepale.

Shamba lilipokufa tukagawiwa vipande. Wenzangu waligombea vya karibu na maji, mimi nikaomba kile chenye kaburi. Sijawahi kukitia jembe. Majirani wananiita mvivu wa Kigoma. Wanangu wanadhani naweka malisho. Nikisinzia tu, najiona nimesimama pale juu, koleo begani, na mtu chini ya miguu yangu ananiuliza, mnacheka nini?

Sasa mwanangu mkubwa anataka kujenga nyumba ya kulaza watalii wanaokwenda kreta kutazama wanyama. "Baba, kipande kile kimelala bure," ananiambia. Mafundi wanaanza kuchimba msingi Jumatatu. Nikisema, wanangu watajua baba yao alifanya nini, na huenda wenye kaburi wakaidai ardhi, na wanangu hawana nyingine. Nikinyamaza, nitakuwa nimemlima mzee yule mara ya pili. Gazeti ninalo, limegeuka njano. Karibu na kiatu changu ule mti uliochongwa unaonekana, ukijua pa kutazama.

Mwezi unaandama Jumapili, na yule binti wa marehemu atakuja na kibuyu chake. Ndugu zangu mnaosoma, niambieni kabla ya siku hiyo: nimshike mkono nimsogeze zile hatua mia mbili, au nimwache amwage?